Meno ya Juu

Bagamoyo, mwezi 5 Shaabani, mwaka 1303

Kwa mwanangu Sada binti Mwishehe, huko Pangani nyumbani kwa mumewe.

Ama baada ya salamu nyingi, mimi mama yako ni mzima, mgongo tu unanisumbua, nao ni wa kazi, si wa ugonjwa. Anayeniandikia ni Mwalimu Muhidini kama kawaida, maana baba yako, Mungu amrehemu, alikufundisha wewe kuandika akaniacha mimi. Au niseme kweli: alinifundisha, nikawa nasinzia. Nimemwambia mwalimu aandike ninavyosema, asinitengenezee maneno yakawa ya hotuba ya Ijumaa.

Mjukuu wangu Shomari hajambo? Tangu Msabaha alipokuja kuwachukua, nyumba hii imekuwa kubwa mno. Nimewapokea watoto wengi katika mji huu, lakini huyo nilipomkata kitovu mkono ulinitetemeka, nikamwambia msichana aliyenishikia taa aishike vizuri, nikamsingizia yeye.

Sasa sikiliza. Siku ya Mwaka inakuja, na siku hiyo nitatimiza miaka hamsini. Wenzangu wote hapa ukiwauliza umri wao watakwambia walizaliwa mwaka wa nzige, au mwaka wa njaa ile kubwa, basi, wameishia hapo. Mimi siku yangu naijua. Nilizaliwa Siku ya Mwaka yenyewe, mioto yote ya mji imezimwa ili iwashwe mipya, na bibi yangu hakupata maji ya moto ya kumkandia mama. Aligombana na mtaa mzima kwa ajili ya kaa moja la moto, ndiyo maana hakuna aliyeisahau siku hiyo. Kwa hiyo kila nikienda kuoga mwaka baharini, naongeza mmoja.

Miaka hamsini si mchezo. Nimeona nisimwachie mjukuu vikuku tu. Kila barua nitakuandikia jambo moja nililojifunza, nawe umwekee mpaka apate akili. La kwanza ni hili: usimharakishe mtoto kutoka. Nimewaona wakunga wenye pupa wanavyoharibu. Mengi niliyoyakimbilia maishani yaliniumiza, na mengi niliyoyangoja yalikuja yenyewe, isipokuwa mume wa pili. Mwalimu anacheka, lakini anaandika.

Na meno je? Mtoto wa miezi sita anaweza kuwa na jino sasa. Usinifiche, jino la kwanza ni haki ya bibi kulijua. Siku ya Mwaka nawangoja nyote, tuoge pamoja.

Ni mimi mama yako,
Sihaba binti Mtoro


Pangani, mwezi 20 Shaabani

Kwa mama yangu mpenzi Bi Sihaba binti Mtoro.

Shikamoo mama. Namwamkia na mwalimu anayekusomea, na mke wake, na kila aliyekaa hapo kusikiliza, maana nakujua hukai peke yako.

Sisi wazima. Msabaha yuko katika kazi yake ya sukari guru, mikono yake inanata mpaka Ijumaa. Bi Kibibi, mama mkwe, hajambo. Ananitendea wema, nami najitahidi, kwa sababu ni mwanamke anayependa kila jambo lifanywe kama lilivyofanywa siku zote. Shomari anacheka ovyo, udenda unamtoka. Meno bado.

Mama, nina jambo la kukuuliza, si langu, ni la jirani. Pana mwanamke mtaa wa pili, mwanawe ameota meno ya juu kabla ya ya chini. Mawili. Hajamwambia mtu, hata mumewe. Watu wakija anamfunika mtoto mdomo kwa ukaya wake wa kichwani, anasema ana mafua. Anasema mtoto kama huyo huitwa kigego, na akiachwa akakua atawamaliza watu wa nyumba yake mmoja mmoja, kwa hiyo hutolewa akapewa watu wa mbali. Amenijia mimi kwa kuwa ni mtoto wa mkunga. Nikamwambia nitakuuliza wewe.

Wewe umepokea watoto wengi, lazima umeyaona haya. Ni kweli wasemavyo? Hakuna dawa? Nijibu upesi, mama, anatia huruma, hali wala halali.

Mwanao,
Sada


Bagamoyo, mwezi 3 Ramadhani

Kwa mwanangu Sada.

Ama baada ya salamu, barua yako imefika, na mwalimu ameisoma mara mbili. Mara ya pili mke wake alikuwepo, na wanawake wawili waliokuja kuazima kinu, wote wakataka kusikia habari za Pangani. Mfungo unakwenda vizuri ila koo la mwalimu linamkauka, kwa hiyo sitasema mengi.

Huyo jirani yako mpe pole. Lakini jambo lake halina maswali. Kigego ni kigego, na wazee waliliamua hilo kabla sisi hatujazaliwa. Mwambie asifiche. Amwambie mama mkwe wake, na wakubwa wa nyumba watajua la kufanya. Mimi ni mkunga, sina dawa ya meno yaliyokosea njia. Na wewe usimpeleke Shomari kucheza huko. Wanawake hapa wote wameitikia kwa kichwa, wamesema nimejibu vizuri.

Tuyaache hayo. Jambo la pili nililojifunza: watu humwamini mtu anayesema kama wao wanavyosema. Mimi nimeheshimiwa mji huu, naingia nyumba za matajiri na za maskini kwa mlango uleule, kwa kuwa katika mambo mazito sijapata kuwa na maneno yangu peke yangu. Mwekee Shomari na hili.

Mzee Bwanausi anakuja huko kununua sukari guru. Nimempa kikuku cha fedha cha mjukuu wangu na ile pete yangu unayoijua. Jino likichungulia, mtu mzima wa nyumba atie kidole kinywani, aligonge jino kwa pete mpaka lisikike, ndipo amvishe mtoto kikuku. Nimewafanyia hivyo watoto wote niliowapokea, haiwezekani mjukuu wangu mwenyewe akose. Nimemwagiza Bwanausi vitu hivyo ampe Bi Kibibi mkononi, asikupe wewe, na amwambie ni yeye nimemchagua kwa heshima yake. Najua atafurahi.

Mama yako,
Sihaba binti Mtoro


Pangani, mwezi 19 Ramadhani

Kwa mama yangu Bi Sihaba.

Shikamoo. Vitu vimefika, amevipokea Bi Kibibi kama ulivyoagiza.

Jibu lako juu ya jirani nimelisoma. Nimemfikishia. Amesema ahsante, hakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza.

Siku ya Mwaka usitungoje.

Sada


Bagamoyo, mwezi 12 Mfunguo Mosi

Kwa mwanangu Sada.

Ama baada ya salamu, na Idi njema iliyokwisha kupita bila neno kutoka kwako. Barua yako ya mwisho mwalimu aliigeuza nyuma akitafuta iliyobaki. Nikamwambia labda karatasi huko Pangani zimepanda bei. Watu walicheka. Nilicheka nao.

Nimekasirika, sifichi. Nimepeleka kikuku na pete ya fedha, sikuambiwa kama kimemtosha, wala kama jino limetoka, wala Bi Kibibi amesema nini. Bwanausi nimemwuliza, akasema alikupa salamu zangu ukiwa mlangoni ukaingia ndani. Huyo ni mtu aliyekubeba mabegani ulipokuwa mdogo. Nikasema, haya, mwanangu amekuwa bibi wa Pangani.

Lakini jana nilimwambia mwalimu anisomee tena barua yako ile ya Shaabani. Nikamsimamisha kwenye habari ya jirani. Nikamwambia arudie, akarudia. Kisha nikamwambia basi, nenda ukafuturu, naye akanikumbusha kwamba Ramadhani imekwisha.

Sada, huyo jirani yako anaitwa nani? Wewe tangu utotoni husimulii habari ya mtu bila kumtaja jina lake, na la baba yake, na nyumba anayokaa. Huyu hukumtaja.

Sitaki kitu kingine katika jibu lako. Nitajie jina lake tu. Jambo la tatu nililojifunza nimelisahau, nitaliandika siku nyingine.

Mama yako,
Sihaba


Pangani, mwezi 3 Mfunguo Pili

Kwa mama mkwe wangu Bi Sihaba binti Mtoro.

Nakushika miguu. Mimi ni Msabaha. Mwalimu Muhidini, ukifika hapa tafadhali funga mlango, kisha uendelee.

Mama, hakuna jirani. Ni Shomari. Meno mawili ya juu yalitangulia. Sada aliyaona kabla ya mfungo akanificha hata mimi. Bwanausi alipompa mama yangu kikuku na pete, mama alifurahi kupita kiasi. Aliwaita wanawake wa mtaa, akamkalisha mtoto mapajani, akatia kidole. Mimi nilikuwa barazani nikingoja vigelegele. Sikusikia kitu. Nilipoingia ndani, wageni walikuwa wanatafuta viatu vyao.

Tangu siku hiyo mama hamshiki mtoto. Hakupiga kelele wala hakumtukana Sada, na afadhali angefanya hivyo. Alisema mara moja tu kwamba mtoto huyu hatakulia katika nyumba yake. Wapo watu wa bara ambao huwapokea watoto wa namna hii wakaondoka nao. Amekwisha kupatana nao, watavuka mto kuja kumchukua mwezi wa Mfunguo Tatu ukiandama. Wanawapeleka wapi, hakuna anayeuliza.

Sada hasemi nami. Anashinda na mtoto amefungwa kifuani kwa leso, hata akipika, hata akiteka maji. Nilipomwambia tukuandikie wewe alinijibu kwamba mama yake amekwisha kusema: mtoto asifichwe, wakubwa wataamua. Barua yako ya mwisho aliisoma, akaiweka chini, akaenda kuchambua mchele.

Mimi ndiye mtoto pekee wa mama yangu. Nyumba ni yake, na nimelelewa nisimjibu. Nawapenda mke wangu na mwanangu, naandika hivyo bila haya. Lakini nikisimama mbele ya mama ulimi unakuwa mzito. Nipe neno la kusema. Nikilikosa nitashindwa, na wewe utakuwa huna mjukuu.

Mkwe wako,
Msabaha


Bagamoyo, Siku ya Mwaka, mwezi 18 Mfunguo Pili

Kwa Bi Kibibi mkwe wangu, na kwa Msabaha, na kwa mwanangu Sada, ambaye ndiye atakayeisoma barua hii. Asome kwa sauti mbele ya wote, asiruke neno.

Leo nimetimiza miaka hamsini. Nimetoka sasa hivi kuoga mwaka, nguo zangu bado zina maji ya chumvi, na mwalimu amesogeza karatasi zake mbali nami. Bwanausi alichelewa njiani, barua ya Msabaha nimeipata juzi. Juzi sikuweza kusema. Leo naweza.

Mwalimu, andika: mimi Sihaba binti Mtoro ni kigego.

Amesimamisha kalamu, ananitazama. Andika, mwalimu, wino unakauka. Wewe ndiye uliyechelewa kusikia. Asubuhi hii nimewaambia wanawake wote waliokuja kuoga, tukiwa ndani ya maji mpaka kifuani.

Niliota meno ya juu kwanza, kama Shomari. Bibi yangu aliyaona kabla ya mtu mwingine yeyote, na siku ileile akatupeleka mimi na mama shambani kwake Kiwangwa, akatangaza kwamba anaikimbia ndui. Hatukurudi mjini mpaka kinywa changu kimejaa. Meno yakijaa hakuna ajuaye lipi lilianza. Mama aliniambia siku aliponikabidhi kazi hii ya ukunga, akaniapisha nife nalo.

Husemwa kigego humaliza watu wake. Haya, tuwatazame watu wangu. Bibi yangu alikufa mzee sana, hana jino hata moja, la juu wala la chini. Mama yangu alimwona Sada akitembea ndipo akafa. Mume wangu Mwishehe alikufa kijana, ni kweli, alikufa mwaka wa kipindupindu pamoja na nusu ya mtaa, na wengi waliozikwa wiki ile meno yao yalikuja kwa utaratibu kabisa. Sada yu hai. Na niliowapokea kwa mikono hii wamejaa Bagamoyo, wanagombana sokoni na kuoana. Wapo waliofia mikononi mwangu, kama wanavyofia mikononi mwa kila mkunga. Na hapa ndipo nitakapowaambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Kila aliyekufa, nilirudi nyumbani nikajiuliza kama ni mimi niliyemwua. Nilipomwuguza mume wangu nilidhani ni mimi ninayemla. Sikuolewa tena kwa sababu hiyo, wachumba walikuwepo. Niliogopa kumpenda mtu mwingine.

Sada mwanangu, uliponiuliza habari ya jirani, nilikuwa nimezungukwa na watu. Nikasema wasemavyo watu, nikasema kwa nguvu zaidi yao ili asije mmoja akanitazama mdomoni. Wewe ukaisoma peke yako. Kisha kwa kiburi cha kikuku nikamfanya Bi Kibibi atie kidole kinywani mwa mwanao. Nimekukosea mara mbili, nisamehe. Nikiwa hai sitakujibu tena kwa maneno ya watu.

Niliahidi kumwekea mjukuu niliyojifunza. La pili ulifute. Mahali pake andika hili: nimekaa miaka hamsini na jambo la kuogopwa kinywani mwangu, na halikumdhuru mtu ila mimi niliyelificha.

Sasa wewe Bi Kibibi, mkwe wangu. Ulikaa kwangu siku zote za harusi, na sufuria nilizisimamia mwenyewe. Umelala katika kitanda changu. Shomari alipozaliwa ulikuwa mlangoni, nami nikakukabidhi mikononi. Umedhurika wapi? Utasema sasa umejua mbegu imetoka upande gani. Sawa, imetoka kwangu. Ikiwa Msabaha atataka kumwacha mwanangu kwa ajili hiyo, aseme yeye kwa mdomo wake, nami nitakuja kuwachukua wote wawili na vyungu vyao. Lakini mtoto havuki mto. Akikosa nyumba Pangani anayo Bagamoyo.

Msabaha, umeomba neno. Neno lenyewe ni hapana. Ni fupi, hata ulimi mzito unaliweza.

Nilipowaambia wanawake pale majini, wengine walitoka. Mke wa diwani, aliye karibu kujifungua, amekwisha kutuma mtu kwamba nisijisumbue. Mke wa mwalimu alinimwagia maji usoni, kama tufanyavyo siku ya leo, akasema nimewadanganya vizuri sana, na watano sita wakaja wakanimwagia pia. Sijui nitaitwa na nani mwakani. Chakula ninacho, na nguvu ninazo.

Mimi,
Sihaba binti Mtoro


Pangani, mwezi mosi Mfunguo Tatu

Kwa Bi Sihaba binti Mtoro.

Mimi ni Kibibi binti Mwinyimkuu. Anayeandika ni Sada, nimemwambia aandike nisemavyo, asilainishe. Na huyo mwalimu wako asome kwa sauti, hata chumba kikijaa watu. Ikiwa wewe umeweza, mimi si mdogo wako.

Barua yako imesomwa mbele yangu. Sikuipenda. Umeniandikia kama mtu anayepiga hodi na huku amekwisha kuingia. Sada alipomaliza kuisoma, Msabaha alisimama akaniambia hapana. Nikamwuliza amesema nini, akasema tena, na mara ya pili aliisema vizuri. Nikawaambia watoke mbele yangu. Wakatoka, wakakaa barazani na mtoto wao, jua likawapiga, mpaka nilipowaita mwenyewe.

Unadhani nimekuwa mgumu kwa kutojua. Ngoja nikueleze.

Kabla ya Msabaha nilizaa binti. Aliota mawili ya juu hata hajaweza kukaa vizuri. Mama mkwe wangu hakunilazimisha, aliniambia desturi tu, nami nikaikubali. Nikambeba mwenyewe mpaka kivukoni, nikavuka naye, nikampa mwanamke nisiyemjua jina. Nilimvisha shanga nyekundu ili nikimwona tena nimtambue. Niliporudi wote walinisifu. Baadaye nikamzaa Msabaha, akaishi, nikasema, unaona, anaishi kwa kuwa nilimtoa yule. Kila asubuhi iliyomkuta huyu mzima nilijiambia hivyo, na ndivyo nilivyoweza kula na kulala.

Sasa unakuja wewe na miaka yako hamsini, na mji wako umejaa watoto wanaogombana sokoni. Bi Sihaba, ikiwa wewe ni kweli, basi mimi mwanangu nilimtoa bure. Hilo ndilo nililokuwa nikilikataa. Sikumwogopa huyu mtoto kwamba ataniua. Niliogopa akae hapa, akue, awe mtu mwema, nami nimwone kila siku.

Wewe unajisifu kwamba waijua siku yako. Yangu siijui. Lakini ya yule binti naijua, ni usiku wa Miraji, watu walikuwa msikitini wanasoma. Kila Rajabu namwongezea mwaka, sijapata kumwambia mtu, hata baba yake. Angekuwa mwanamke wa miaka thelathini na zaidi. Pengine ana watoto, na pengine hawakumwacha aishi hata siku moja. Msabaha amelisikia leo kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa na dada. Yuko uani, simwiti.

Wale watu wamekuja asubuhi. Nimetoka kuonana nao mimi. Nimewaambia hapana mtoto wa kuchukuliwa hapa, waende. Kisha nikawafuata mpaka njiani, nikawauliza habari za mtoto wa kike mwenye shanga nyekundu, zamani. Wakatazamana. Mmoja alisema atauliza huko juu. Alisema hivyo ili nimwachie nguo yake niliyokuwa nimeishika.

Ile habari yako ya kuja kuwachukua mwanao na mjukuu wako na vyungu vyao, isahau. Wanakaa kwangu. Wewe ukitaka kuwaona, njoo, na ukija usiniletee mafunzo, njoo ukae nami tu.

Shomari yuko mapajani mwangu ninaposema haya. Nimetia kidole nione kama la chini limeanza. Bado. Amekiuma kwa yale mawili ya juu, ananiumiza kweli, na mimi sikitoi.

Kibibi binti Mwinyimkuu,
kwa mkono wa mkwe wangu Sada